Mkopo wa nyumba ya kupangisha: jinsi ya kuupima, kuuomba na kuuhamisha

Benki ikisema itakukopesha asilimia 75 ya thamani ya nyumba, hapo imejibu swali lake. Inataka kujua kama deni litarudi nyumba ikipigwa mnada. Swali la mwekezaji ni jingine: kodi ya mpangaji inatosha kulipa rejesho kila mwezi, hata katika mwaka ambao nyumba imekaa wazi na paa limevuja? Wengi wanaokwama na nyumba za kupangisha walinunua nyumba nzuri, ila walikopa kwa kuangalia thamani badala ya kuangalia kodi.

Kwa hiyo kabla ya kumwona afisa mikopo, kaa na karatasi upige hesabu hii. Tarakimu za hapa hazina jina la sarafu; weka unayotumia.

Pato halisi la nyumba

Nyumba inauzwa milioni 100. Kodi ni 1,200,000 kwa mwezi, yaani milioni 14.4 kwa mwaka. Toa mwezi mmoja wa nyumba kukaa bila mtu: inabaki milioni 13.2. Toa asilimia 10 ya msimamizi, hata kama utasimamia mwenyewe, kwa sababu siku utakapougua au kusafiri utamlipa mtu: inabaki milioni 11.88. Toa matengenezo madogo milioni 1, bima 300,000 na kodi ya majengo 250,000. Mwisho weka akiba ya mambo makubwa, kama paa, mabomba na nyaya za umeme, asilimia 5 ya kodi yote, ambayo ni 720,000. Kinachobaki ni milioni 9.61. Hilo ndilo pato halisi. Rejesho la mkopo halimo humo bado.

Fungu la matengenezo makubwa ndilo linalorukwa mara nyingi, kwa kuwa mwaka wa kwanza na wa pili hakuna kinachoharibika. Gharama ipo, ila haijafika. Nyumba ya zamani itengee zaidi ya asilimia 5.

Sasa linganisha pato hilo na marejesho. Ukikopa milioni 75 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, kwa miaka 20, rejesho ni takriban 825,800 kwa mwezi, au milioni 9.91 kwa mwaka. Gawanya 9.61 kwa 9.91: unapata 0.97. Nyumba haijilipii, na tofauti itatoka kwenye mshahara wako. Wakopeshaji wengi wa nyumba za biashara hutaka uwiano huu ufike 1.20 au 1.25, na wewe unapaswa kuutaka hata kama mkopeshaji hakuuliza.

Ili ujue mkopo unaobebeka, rudi kinyumenyume. Milioni 9.61 gawanya kwa 1.25, unapata kama milioni 7.69 kwa mwaka, au 640,000 kwa mwezi. Kwa masharti yaleyale, rejesho la kiasi hicho linalipa mkopo wa milioni 58. Basi nyumba hii inabeba 58, si 75. Una njia tatu: utoe milioni 42 zako, uombe bei ipungue, au uiache. Kupandisha makadirio ya kodi ili hesabu ikubali si njia ya nne. Tumia kodi inayolipwa leo kwenye nyumba zinazofanana nayo, si ile ambayo dalali anasema itapatikana baada ya ukarabati.

Juu ya hizo milioni 42 kuna ada za benki, mwanasheria, mthamini, usajili wa rehani na ushuru wa uhamisho. Viwango hutofautiana sana, kwa hiyo omba orodha yake kwa maandishi. Halafu weka kando marejesho ya miezi sita, kwenye akaunti ambayo hutaigusa. Mpangaji akihama mwezi uleule pampu ya maji ikiungua, hiyo akiba ndiyo itakayokutenganisha na barua ya benki.

Masharti yanayoumiza kuliko riba yenyewe

Uliza kwanza riba inavyopigwa. Riba ya salio linalopungua huhesabiwa kwenye deni lililobaki. Riba bapa huhesabiwa kwenye mkopo wote wa mwanzo hadi siku ya mwisho. Milioni 10 kwa miaka 5 kwa asilimia 12 bapa ni rejesho la 266,700 kwa mwezi. Kwa salio linalopungua ni 222,400. Ukiigeuza, hiyo asilimia 12 bapa ni sawa na zaidi kidogo ya asilimia 20 ya salio linalopungua. Usilinganishe mikopo miwili kabla ya kujua zote zinapigwa kwa namna moja, na daima dai jedwali la marejesho lenye kila mwezi, riba yake na sehemu inayopunguza deni.

Kisha uliza kama riba inabadilika. Ikiwa inabadilika, pima nyumba yako kwa riba iliyopanda kwa pointi tatu. Mkopo wetu wa milioni 58 ukipanda kutoka asilimia 12 hadi 15, rejesho linatoka 638,600 hadi 763,700. Kwa mwaka ni milioni 9.16, na pato la 9.61 bado linalibeba, ingawa kwa tabu. Ule wa milioni 75 ungekuwa umekuzamisha zamani.

Soma vipengele vingine vinne kwa utulivu. Cha kwanza ni kipindi cha kulipa riba tupu: rejesho huwa dogo mwanzoni, deni halipungui hata kidogo, na kipindi kikiisha rejesho hupanda ghafla. Cha pili ni malipo makubwa ya mwisho, pale ambapo rejesho limepangwa kana kwamba mkopo ni wa miaka 20 lakini salio lote linadaiwa mwaka wa tano au wa saba. Ukilikubali, umekubali kutafuta mkopo mwingine siku hiyo, soko liwe zuri au baya. Cha tatu ni dhamana ya pamoja, ambapo nyumba ya pili inafungwa na deni la kwanza. Inarahisisha kupata mkopo, lakini ukitaka kuuza nyumba moja huwezi bila ruhusa, na ukichelewa kwenye moja zote ziko hatarini. Kikatae kila unapoweza. Cha nne ni adhabu ya kulipa mapema, ambayo tutakutana nayo tena.

Na usikope kwa sarafu ya kigeni kama wapangaji wanakulipa kwa sarafu ya nyumbani. Riba itaonekana ndogo, ila thamani ya fedha ikishuka deni linakua bila wewe kukopa hata senti.

Kupeleka maombi

Nenda kwa wakopeshaji watatu angalau, ndani ya wiki chache, ukiwa na faili moja: taarifa za benki za miezi 6 hadi 12, ushahidi wa kipato, ritani za kodi ya mapato, nakala ya hati ya nyumba, mikataba ya wapangaji, na lile karatasi la pato halisi. Faili lililopangwa hupunguza maswali, na afisa hulipeleka kwenye kamati bila kukurudisha mara tatu.

Maombi mengi hukwama kwenye hati. Jina kwenye hati linatofautiana na la kitambulisho, mwenye hati amefariki na mirathi haijafungwa, mwenzi wa ndoa hajatoa ridhaa, au chumba kimeongezwa bila kibali na ramani haikionyeshi. Fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, yaani uhakiki mmiliki ni nani na kama hati imefungwa na deni, kabla ya kulipa arubuni (fedha ya kushikilia nyumba), na mkataba wa mauziano uandike wazi kwamba arubuni inarudi iwapo mkopo utakataliwa au thamani itakuja chini.

Thamani kuja chini hutokea mara kwa mara. Benki hukopesha kwa kuangalia bei au tathmini, ile iliyo ndogo. Nyumba ya milioni 100 ikithaminiwa 90, asilimia 75 yake ni 67.5, na pengo unalijaza wewe. Mpe mthamini mikataba ya wapangaji na orodha ya ukarabati wenye risiti siku anapokuja. Yeye huandika anachokiona na anachoweza kukithibitisha.

Kuhamisha mkopo ili upunguze riba

Tuseme miaka mitano imepita. Umelipa jumla ya milioni 38.3, lakini deni la 58 limeshuka hadi 53.2 tu, kwa sababu miaka ya mwanzo rejesho karibu lote ni riba. Mkopeshaji mwingine anatoa asilimia 10. Uhame?

Ukihama na kubaki na miaka 15 iliyosalia, rejesho linashuka kutoka 638,600 hadi 571,800. Unaokoa 66,800 kwa mwezi, na hadi mwisho milioni 12. Ukihama na kuanza upya miaka 20, rejesho ni 513,500, nafuu ya 125,100 kwa mwezi. Inapendeza, lakini hadi mwisho utalipa milioni 8.3 zaidi kuliko kama ungebaki palepale na riba ya asilimia 12. Riba imeshuka na bado umelipa zaidi, kwa kuwa umeongeza miaka mitano. Muda mrefu una maana pale nyumba inapobanwa na mtiririko wa fedha. Kama haibanwi, chagua muda uliosalia.

Sasa gharama. Ada za mkopo mpya, tathmini na sheria zikiwa asilimia 3 ni milioni 1.6. Adhabu ya kulipa mapema ikiwa asilimia 2 ni milioni 1.06. Jumla 2.66. Gawanya kwa nafuu ya mwezi, 66,800: miezi 40. Kama unafikiria kuuza nyumba ndani ya miaka mitatu, usihame. Usigawanye kwa 125,100, ingawa muuza mkopo atafanya hivyo. Sehemu ya nafuu hiyo ni deni lililosogezwa mbele.

Kabla ya yote hayo, rudi kwa mkopeshaji wako wa sasa na barua ya ofa uliyopata. Mara nyingine hushusha riba kwa ada ndogo ili usiondoke, na unakwepa tathmini mpya na usajili mpya.

Kutoa fedha kwenye nyumba

Nyumba sasa ina thamani ya milioni 130 na pato halisi limefika milioni 12. Mkopeshaji anakubali asilimia 70 ya thamani, milioni 91. Ila pima kwa kodi pia: 12 gawanya kwa 1.25 ni milioni 9.6 kwa mwaka, au 800,000 kwa mwezi, ambazo kwa asilimia 10 na miaka 20 zinabeba milioni 82.9. Chukua kiwango kidogo kati ya viwili. Toa salio la 53.2, gharama za asilimia 3 na adhabu, unabaki na kama milioni 26 mkononi.

Fedha hizo ni deni, haijalishi zinaitwaje. Zipeleke kwenye kitu kinacholeta pato linalozidi riba ya asilimia 10 baada ya gharama zake, kama malipo ya awali ya nyumba nyingine au ukarabati unaopandisha kodi. Zikienda kwenye gari au sherehe, wapangaji watakuwa wanalipia gari kwa miaka 20. Uliza pia kama mkopeshaji ana muda wa kusubiri tangu ulipoinunua nyumba. Wengi hutaka miezi 6 hadi 12 kabla ya kutumia thamani mpya badala ya bei uliyonunulia.

Wakati wa kuhama, omba kwa mkopeshaji wa zamani barua ya salio la kufunga mkopo yenye tarehe ya mwisho na riba ya kila siku inayoongezeka baada ya hapo. Endelea kulipa rejesho la zamani hadi uthibitishe kwa maandishi kwamba salio ni sifuri, kwani siku chache za kuchelewa zinaweza kuingia kwenye taarifa zako za mikopo. Kisha fuatilia hadi rehani ya zamani ifutwe kwenye daftari la ardhi, ubadilishe jina la mnufaika kwenye bima kutoka mkopeshaji wa zamani kwenda mpya, na ufanye upekuzi mpya wa hati. Rehani iliyolipwa lakini haikufutwa itakuzuia siku ya kuuza, wakati afisa aliyeshughulikia mkopo huo ameshahama ofisi.