Kupunguza mikwaruzo ya redio kwa antena ya kitanzi

Msikilizaji wa masafa ya kati, yaani kilohezi 531 hadi 1602, anajua jinsi taa za LED na chaja za simu zinavyoifunika stesheni kwa mvumo usiokoma. Waya mrefu juu ya paa hausaidii sana, kwa kuwa huzoa kelele pamoja na matangazo. Antena ya kitanzi, yaani waya uliozungushwa mara nyingi kwenye fremu, huchagua upande.

Kwanza, funga msalaba wa mbao mbili zenye sentimita 85 kila moja, ili upate mraba wa takriban sentimita 60 kwa 60. Kwenye kila ncha pigilia kibao chenye mapengo 14 yaliyoachana milimita 6.

Pili, zungusha waya wa shaba wenye ganda mara 14, kisha unganisha ncha zake na kapasita ya kuzungusha ya pikofaradi 365 (kifaa kinacholenga kitanzi kwenye masafa ya stesheni) iliyotolewa kwenye redio kuukuu. Stesheni za mwisho wa juu zikikosekana, punguza mzunguko mmoja.

Tatu, weka redio karibu na kitanzi pasipo kuviunganisha kwa waya, huku urefu wa redio ukikingamana na bapa la kitanzi, kwa sababu fimbo ya feraiti, yaani antena ndogo iliyomo ndani ya redio, kwa kawaida imelala kwa urefu huo. Chagua stesheni hafifu na uzungushe kapasita polepole mpaka sauti ijae ghafla.

Hatua ya nne ndiyo wengi huikosea. Kitanzi hupokea vizuri zaidi upande ambao ukingo wake umeelekea, na upeo huo ni mpana. Lakini uso wake ukitazama chanzo cha mawimbi, mapokezi huzimika ndani ya digrii chache tu. Kwa hiyo usitafute sauti kubwa, tafuta kelele ndogo. Weka redio na kitanzi juu ya sinia moja, uigeuze taratibu. Kwangu mvumo ulitoka kwenye kifaa cha kuchajia betri ya sola upande wa pili wa ukuta. Uso wa kitanzi ulipoukabili ukuta huo, nilimsikia msomaji wa habari akifunua karatasi.

Mikwaruzo ya radi inayotoka pande nyingi kwa pamoja haitazimika hivyo, na usiku mawimbi yanayorudi kutoka angani huififisha sehemu hiyo ya ukimya, basi jifunze kwanza mchana. Ikiwa kelele na stesheni ziko kwenye mstari mmoja, hamishia sinia chumba kingine: uelekeo wa stesheni ya mbali haubadiliki, lakini ule wa chaja ya jirani hubadilika.