Mambo ya kuzingatia kabla ya kuipeleka familia kwenye tamasha la chakula

Nendeni mapema. Saa ya kwanza baada ya milango kufunguliwa ndiyo saa ya wenye watoto: foleni fupi, kivuli bado kipo, vyoo vinaingilika. Jua la mchana likishapanda, nyinyi mmeshakula. Na msiwapeleke watoto na njaa. Wapeni kitu chepesi nyumbani.

Viatu vya kufunika vidole. Kofia. Losheni ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, na mrudie kupaka kila baada ya saa mbili. Kila mtu na chupa yake ya maji. Bebeni na sabuni ndogo, maana sanitaiza haifanyi kazi vizuri kwenye mikono yenye mafuta, wala haiviui vizuri virusi vya noro vinavyoleta kutapika na kuharisha.

Muwe na pesa taslimu kidogo, kwa sababu umati hulemea mtandao wa simu na malipo hukwama. Kwa sababu hiyohiyo msitegemee kupigiana simu mkipoteana: mkifika tu, chagueni mahali pa kukutania. Mpige kila mtoto picha asubuhi hiyo akiwa na nguo za siku hiyo, na umwandikie namba yako mkononi kwa kalamu ya wino.

Sasa aleji. Hapa naomba usome polepole.

Mwanangu wa pili hawezi karanga, tunajua tangu akiwa na miaka miwili. Siku ninayoisema alikuwa na sita. Sindano zake mbili za adrenalini, dawa ya dharura ya aleji kali, zilikuwa kwenye mfuko mwekundu, na mfuko niliuacha garini. Mikono ilikuwa imejaa, nikajiambia tutanunua vitu salama tu.

Kwenye banda la nyama ya kuchoma nikauliza, "Kaka, hii ina karanga?" Akajibu, "Hapana dada, haina kabisa." Alisema kweli. Nyama haikuwa na karanga. Tatizo lilikuwa koleo. Liligeuza nyama ya mwanangu, likaenda kwenye sinia la pili lililopakwa mchuzi wa karanga, likarudi. Nililiona kwa macho yangu likienda na kurudi, na akili haikuunganisha.

Hakumaliza kipande cha pili. Alianza kujikuna shingoni, kisha akaniambia, "Mama, ulimi umekuwa mkubwa." Sauti ilikuwa imeshakwaruza. Gari lilikuwa mwendo wa robo saa, na katikati kumejaa watu. Baba yake akatoka mbio. Hema la huduma ya kwanza lilikuwa nyuma ya jukwaa, karibu kabisa na tulipokaa, lakini sikuwa na habari nalo; dada mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni ndiye aliyekimbia kuwaita wahudumu. Wakamchoma kwenye paja, juu ya suruali. Baba yake aliporudi na ule mfuko, mtoto alikuwa anaingizwa kwenye gari la wagonjwa. Mfuko ulikuwa wa moto. Mfamasia alituambia tuzibadilishe zile sindano zote mbili, kwa kuwa dawa hiyo huharibika kwa joto. Hospitali walimshikilia kwa saa kadhaa, kwa sababu hali hiyo inaweza kutulia kisha ikarudi.

Kwa hiyo dawa inatembea na mtoto, begani kwa mtu mzima aliye naye. Si garini, si kwenye kigari cha mtoto mtakachokiacha mlangoni. Hema la huduma ya kwanza mlitafute kabla ya kununua chochote. Na usiulize kama chakula kina karanga. Uliza kama banda zima lina karanga, mafuta ya kukaangia yamekaangia nini kingine, na vyombo vya kupakulia ni vilevile. Muuzaji akisitasita, shukuru uondoke. Vidonge vya aleji vinapunguza muwasho, havifungui njia ya hewa. Akianza kuhema kwa shida, adrenalini kwanza, kisha muite gari la wagonjwa. Asisimame wala kutembea: mlaze miguu ikiwa juu, au mkalishe kama pumzi inamsumbua akilala. Dakika tano zikipita bila nafuu, sindano ya pili. Hakikisha kila mtu mzima mliyeongozana naye anajua kuichoma. Siku ile, katika watu wazima wanne, tulijua wawili tu.

Hata asiye na aleji achague chakula. Cha moto kitoke kikifuka mvuke, cha baridi kiwe baridi kweli. Joto likizidi nyuzi 32, chakula cha kuharibika kilichokaa nje zaidi ya saa moja hakifai tena, kwa hiyo mabaki msiyabebe kurudi nayo nyumbani. Mjamzito na mtoto mdogo ndio waangaliwe zaidi.

Watoto wasipite nyuma ya mabanda, kuna majiko ya gesi na masufuria ya mafuta ya moto. Mtoto asiachwe garini hata dakika moja, hata akiwa amelala, hata vioo vikiwa wazi. Na mkikuta foleni imebana kiasi kwamba mtoto hana pa kusogea, tokeni, mtafute banda lingine.