Ukikosoa picha ya mtu wa mtaani, anza na uso

Jamani nyie mnaopiga picha za watu huku Lamu, mkitumiana ili mkosoane msiishie kwa "iko poa" au "haijakaa sawa", hiyo haimsaidii mtu. Mi huwa naziba kila kitu kwa kiganja nabakisha uso tu, naangalia fokasi imeshika jicho lililo karibu na kamera ama imeenda kwingine, maana mara nyingi unakuta vitundu vya kofia vinahesabika na macho yana ukungu.

Halafu mwanga. Vichochoro vya Mkomani vina kuta nyeupe, sasa kamera ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga yenyewe, basi mzee aliyekaa barazani anatoka uso mweusi tii hata mikunjo ya paji huioni. Usimwambie mwenzio "picha ina giza" ukaishia hapo, mwambie apandishe eksposha, yaani kiasi cha mwanga kamera inachopokea, kama stopu moja hivi (mwanga mara mbili). Mama wa buibui mbele ya mlango mweusi wa mbao ni kinyume chake, kamera inaongeza mwanga na uso unaungua kwa weupe, hapo ashushe.

Na swali nalolipa uzito kuliko yote: huyu alijua anapigwa picha? Tazama mabega na mikono. Aliyekubali mara nyingi ametulia, asiyetaka utaona mkono ushaanza kupanda kuvuta mtandio, na hiyo mi nasema ifutwe hata mwanga uwe mzuri vipi, yule ni mama wa mtu na mtaa mzima unamjua.