Somo: Fowili ya Hilux haishiki? Usikimbilie kushusha transfa

Wakuu, masika yakishaingia maswali ni yaleyale. Pikapu imetembea lami mwaka mzima, siku ya tope unavuta fimbo ya 4H (fowili, tairi zote nne zivute) mbele hakuna kitu, na fundi wa kwanza anakwambia transfa (boksi inayogawa nguvu kwenda mbele na nyuma) imekufa ishushwe. Usikubali kabla hujajua nguvu inaishia wapi, maana mara nyingi ugonjwa uko kwenye habu (kufuli la katikati ya tairi ya mbele), mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) au waya, vitu vya hela ndogo kabisa.

Hilux za zamani kama LN106 nyingi zina habu za kuzungusha kwa mkono, zimeandikwa FREE na LOCK. Zilizofuata nyingi hazina, zinatumia ADD pale kwenye difu ya mbele (gia zinazogawa mzunguko kwa tairi ya kulia na kushoto), kifaa kinachounga na kuachia ekseli chenyewe kwa vakyumu au mota. Jua yako ni ipi kwanza.

HATUA YA 1. Ingiza 4H injini inawaka, sogea mita chache ukiwa umenyoosha usukani. Taa ya 4WD ikiendelea kublinki maana yake mbele hapajaunga. Jaribu mbele na nyuma taratibu kabla hujakata tamaa, meno hayakukutana tu.

HATUA YA 2, na hii ndo yenyewe. Ukiwa bado 4H (habu ziko LOCK kama unazo) zima gari, weka gia namba moja, vuta handibreki, ziba tairi za nyuma kwa mawe, nyanyua mbele tairi zote mbili zielee na uweke stendi, jeki peke yake hapana, watu wanakufa. Sasa shika propela ya mbele (shafti inayotoka transfa kwenda difu ya mbele) uizungushe kwa mkono. Ikizunguka kirahisi, transfa haijaingia. Ikigoma, ukiacha ule mchezo mdogo wa meno, transfa ni nzima, nenda kwenye tairi: zungusha moja huku unaangalia ya upande wa pili. Ikigeuka kinyume, mbele pameunga, gari yako haina ugonjwa. Ikizunguka moja peke yake, tatizo ni habu au ADD na transfa usiiguse.

HATUA YA 3. Habu: fungua kifuniko, mara nyingi utakuta grisi imekauka imekuwa kama nta, au maji yameingia kutu imeshika. Osha kwa dizeli, kausha, paka grisi kidogo tu, ukijaza sana ile ringi ya ndani inashindwa kuteleza.

HATUA YA 4. ADD ya vakyumu: chomoa mipira miwili pale kwenye difu, injini inawaka, weka kidole. Kwenye 4H mmoja unatakiwa unyonye, ukirudi 2H (nyuma tu ndo kunavuta) unyonye mwingine. Hakuna unaonyonya? Fuata mpira mpaka juu, utakuta umepasuka, au valvu haipati umeme, anza na fyuzi. Ukinyonya vizuri na bado haiungi, basi dayaframu imechanika au uma wa ndani umeganda. Zile ADD za mota ya umeme anza na soketi, tope huwa linaingia humo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu mimi niko Makete, taa inawaka vizuri ila nikinasa inazunguka tairi moja ya mbele na moja ya nyuma, zingine zimetulia. Fundi anasema fowili mbovu.

Jibu: Fowili yako nzima kaka. Difu ya kawaida inapeleka mzunguko kwenye tairi iliyo nyepesi, kwa hiyo moja mbele moja nyuma ni sawa kabisa. Kama una loki ya difu ya nyuma iwashe, kama huna punguza upepo na chimba mbele ya tairi.

Swali: Yangu inaingia ila haitaki kutoka, fimbo imekaza kama imechomelewa.

Jibu: Umetembea nayo lami kavu au tairi zako hazilingani saizi, propela zimejikaza. Nyoosha usukani, rudi nyuma mita kadhaa taratibu huku unavuta fimbo, itaachia. Usiipige na nyundo tafadhali. Halafu kagua tairi, zote nne ziwe saizi moja na zimelika karibu sawa.

Swali: Hilux Revo, ile mpya ya kuzungusha swichi badala ya fimbo, nikiweka 4H kimya, hata sauti haitoi. Nimeambiwa ninunue mota.

Jibu: Usinunue bado. Fyuzi kwanza, halafu soketi ya mota pale kwenye transfa, mwambie fundi umeme apime kama moto unafika ukigeuza swichi. Unafika na mota haigeuki, hapo sawa ni mota, nyingi zinaganda kwa kukaa bila kutumika. Kitabu cha Toyota kinasema fowili itumike angalau kilomita 16 kila mwezi, tafuta barabara ya vumbi siyo lami.