Feni inavuma, prosesa haitulii: pa kuanzia

Kabla hujashika bisibisi kufungua kompyuta ya mezani ya Windows, jibu swali moja: prosesa (CPU, chipu inayofanya kazi zote za kompyuta) ina kazi au haina? Feni hufuata joto. Prosesa ikiwa na kazi kweli, kupuliza vumbi hakutaifukuza programu inayoitumikisha. Ikiwa imekaa bure na feni bado inavuma, kupiga Windows upya ni kupoteza siku, ingawa ndiyo tiba ya kwanza kwenye vibanda vingi vya ufundi.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, bofya neno CPU juu ya safu yake ili programu zinazotumia zaidi zipande juu. Usihukumu mapema: kompyuta iliyokaa wiki bila intaneti ikiwashwa huanza kushusha masasisho na kujikagua virusi, kwa hiyo iache dakika 20 hivi. Ikishatulia bila kitu kilichofunguliwa, CPU huwa chini ya asilimia 10. Kwenye kichupo cha Details utaona System Idle Process imeshika 90 na zaidi. Usihangaike nayo, hiyo ni nguvu isiyotumika.

TiWorker.exe ni masasisho; yaache yamalize, kisha uwashe upya. MsMpEng.exe ni Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, ikikagua. Ikiwa haiachi kabisa, angalia kama umeweka antivairasi nyingine juu yake. Kivinjari kikiwa juu, ndani ya Chrome bonyeza Shift na Esc, utaona ni ukurasa upi au kiongezi kipi kinachokula. System interrupts ikizidi asilimia 5 muda wote, mara nyingi ni kifaa au draiva, yaani programu inayokiendesha: chomoa vifaa vya USB kimoja kimoja huku ukiangalia namba.

Kuna hali moja inayowachanganya hata wazoefu. Feni inavuma, unafungua Task Manager, ghafla inatulia na CPU inasoma asilimia 4. Unafunga, baada ya dakika moja inavuma tena. Hiyo ni dalili kubwa ya programu ya kuchimba sarafu za mtandaoni, ambayo hujificha ikiona inachunguzwa. Hupenda kuingia pamoja na Windows au Office za kukraki. Fungua Windows Security, nenda Virus & threat protection, kisha Manage settings, shuka hadi Exclusions. Ukikuta diski C nzima au folda usiyoijua imeorodheshwa pale, kuna aliyeiambia Defender ifumbe macho. Ifute, halafu endesha Microsoft Defender Offline scan. Kompyuta itajizima na kujiwasha, na ukaguzi huchukua kama dakika 15. Pia kwenye Task Manager bofya kulia svchost.exe (inayoendesha huduma za Windows) inayokula sana, chagua Open file location. Ya kweli inakaa System32 au SysWOW64 ndani ya folda ya Windows. Ikitokea kwingine, ni ya kughushi. Maambukizi yakirudi baada ya hapo, sasa kupiga Windows upya ni halali, ila kwa nakala safi kutoka Microsoft, si ile flashi iliyoyaleta.

Prosesa ikiwa haina kazi, pima joto kwa programu ya HWiNFO au Core Temp. Kompyuta ya mezani iliyotulia husoma nyuzi 35 hadi 50, na ikifanya kazi nzito 65 hadi 85. Ongeza hali ya hewa: chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 32 hupandisha kila namba kwa takriban 10 ukilinganisha na ofisi yenye kiyoyozi. Prosesa nyingi za Intel hujipunguza kasi zikikaribia 100. Hapo ndipo lile swali la mwanzo linapoweza kukudanganya, maana prosesa iliyojipunguza huonyesha matumizi makubwa kwa kazi ndogo. Kwenye kichupo cha Performance cha Task Manager, linganisha Speed na Base speed. Core i5-6500, ambayo imejaa kwenye kompyuta za mtumba kutoka maofisini, ina Base speed ya GHz 3.2; Speed ikisoma 1.2 huku CPU iko asilimia 100, joto ndilo lililoanza.

Sasa fungua kasha. Zima, chomoa waya wa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 10, gusa chuma cha kasha. Puliza kwa blowa ukiwa nje, na uzuie kila feni kwa kidole isizunguke. Upepo wa gereji ya matairi achana nao, una maji na mafuta. Vumbi baya haliko kwenye feni yenyewe. Linaganda chini yake kama blanketi juu ya mapezi ya hitisinki (chuma kinachonyonya joto la prosesa), kwa hiyo ing'oe feni ulione.

Baada ya kusafisha, joto likibaki juu, badilisha themo pesti, ile inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki ili joto lipite. Kwenye prosesa za AMD za soketi AM4, endesha kompyuta dakika 10 ipate moto, izime na kuchomoa umeme, kisha zungusha hitisinki taratibu kabla ya kuivuta. Ukiivuta kwa nguvu prosesa hung'oka nayo na pini hupinda. Futa pesti kuukuu kwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi, weka tone la milimita 4 hadi 5 katikati, kaza skrubu kwa kupishana pembe, kidogo kidogo.

Joto likiwa zuri na kelele ikabaki, ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) kwa kubonyeza mara tu unapowasha: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, Delete kwa kompyuta nyingi za kuunganisha mwenyewe. Kwenye Dell hakikisha Fan Control Override imezimwa, na kwenye HP angalia Increase Idle Fan Speed iko sifuri. Feni ikiwa ilishabadilishwa, hesabu waya zake. Ya waya 3 ikichomekwa kwenye soketi ya pini 4 inayodhibiti kwa PWM pekee (mipigo ya umeme inayopita waya wa nne) huzunguka kwa kasi yote masaa yote, hata prosesa ikiwa baridi. Dawa yake ni feni ya waya 4.