Kama Masikio Yako Yamelelewa na Jim Reeves, Anzia Hapa Kantri-Roki

Usianze na Hotel California. Najua ndiyo albamu ya Eagles, ile bendi ya Marekani, inayojulikana na kila mtu, na mimi mwenyewe naipenda, lakini ilipotoka mwaka 1976 Bernie Leadon, aliyekuwa akiwapigia banjo na gitaa la kikantri, alikuwa ameshaondoka. Nafasi yake aliichukua Joe Walsh, mtu wa roki. Ukiisikiliza hiyo kwanza utadhani kantri-roki, yaani kantri iliyochanganywa na roki, ni roki iliyopoa kidogo tu, na utapitwa na uhondo wenyewe.

Mimi hupiga besi kwenye bendi ya kantri hapa Nakuru. Nyimbo tunazoombwa ni zilezile: Don Williams, Kenny Rogers, Dolly Parton, Jim Reeves. Nazipiga kwa moyo wote. Ila nikiwa nakunja nyaya baada ya shoo, hakosi kijana wa kunifuata akitaka nimtajie kantri yenye ngoma nzito na gitaa linalouma. Huyo ndiye ninayemwandikia.

Kwanza, namna ya kusikiliza. Albamu za enzi hizo zilikuwa santuri zenye pande mbili, na nyimbo zilipangwa kwa makusudi, huu uje baada ya ule. Kwa hiyo zima ule mpangilio wa simu unaochanganya nyimbo, na usikilize upande mmoja mzima bila kuruka. Spika ya simu haifai kabisa. Inaua besi na kuzimeza sauti za pembeni. Tafuta hedifoni, hata za bei ya chini, au redio yenye spika mbili.

Tega sikio kwa vitu viwili. Cha kwanza ni gitaa la pedali, lile linalolia nyuma ya nyimbo nyingi za kantri unazozijua. Halibebwi begani: limelazwa kama meza mbele ya mpigaji aliyeketi, mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, huku miguu na magoti vikizivuta na kuzilegeza. Ndiyo maana noti inaweza kupanda na kushuka ikiwa bado inalia. Cha pili ni sauti ya pili, ile inayopita juu kidogo au chini kidogo ya mwimbaji mkuu. Albamu ikiwa na hivi viwili na ngoma za roki chini yake, umefika.

Sasa weka The Gilded Palace of Sin ya Flying Burrito Brothers, ya mwaka 1969. Wanaoimba ni Gram Parsons na Chris Hillman, na gitaa la pedali ni la Sneaky Pete Kleinow. Wimbo wa kwanza unamaliza ubishi. Wale wawili wanaimba pamoja harmoni safi ya zamani, kama ndugu waliokulia kwaya moja, halafu linaingia gitaa la pedali likiwa limepitishwa kwenye kile kifaa cha kukwaruza sauti walichokitumia wapiga gitaa wa roki. Halilii, linanguruma. Ala ambayo ni kantri kuliko zote imekabidhiwa kazi ya roki, na nyimbo zinaendelea kutembea kikantri vilevile. Rudia hapo mpaka uweze kulifuata gitaa hilo peke yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Kisha fika wimbo wa tatu na wa nne. Ni nyimbo za soul, muziki wa Wamarekani weusi: Do Right Woman, aliyoirekodi Aretha Franklin mwaka 1967, na Dark End of the Street, ya James Carr mwaka huohuo. Parsons alikulia Waycross, Georgia, na alizisikia nyimbo za weusi na za weupe wa Kusini kuwa ni za nyumba moja. Sikiliza anavyoziimba bila kuiga mtu. Upande wa pili kuna Hot Burrito #1, na jina hilo la chakula lisikudanganye. Ni wimbo wa mtu aliyeachwa, na sauti inatetemeka mahali ambapo mwimbaji mwenye ufundi zaidi angeinyoosha. Sijasikia wimbo wa mapenzi wa kantri-roki unaoushinda.

Ukitoka hapo rudi nyuma mwaka mmoja, kwenye Sweetheart of the Rodeo ya The Byrds, 1968. Parsons na Hillman walikuwa humo pamoja na Roger McGuinn. Walikwenda kurekodi Nashville kwenyewe, mji mkuu wa kantri, na mwezi Machi wakapanda jukwaa la Grand Ole Opry, shoo ya redio ya kantri inayoheshimiwa kuliko zote, ambako watazamaji waliwapokea kwa ubaridi. Parsons aliacha wimbo uliotangazwa akaimba utunzi wake, Hickory Wind, akiutoa kwa nyanya yake. Kwa sababu ya mvutano wa mikataba, sauti yake iliondolewa kwenye baadhi ya nyimbo na McGuinn akaziimba upya, kwa hiyo usishangae kumsikia kidogo. Albamu haikuuza sana. Gitaa la pedali la Lloyd Green kwenye wimbo wa kwanza lakini, aisee, sikiliza jinsi linavyojibu kila mstari.

Kisha Grievous Angel, albamu ya Parsons mwenyewe. Parsons alifariki Septemba 1973 akiwa na miaka 26, albamu ikatoka Januari iliyofuata. Hapa ndipo sauti ya pili inapokuwa sawa na ya kwanza, kwa sababu mwenye sauti hiyo ni Emmylou Harris. Weka Love Hurts. Yeye yuko juu, Parsons yuko chini, wanavuta pumzi pamoja na kuachia neno pamoja. Mara ya kwanza mfuate Parsons, mara ya pili mfuate Emmylou tu. Utagundua kwamba sehemu yake ingesimama kama wimbo kamili hata bila mwenzake.

Kutoka hapo njia inakwenda kwa akina mama, na wengi huipita bila kujua. Pieces of the Sky ya Emmylou, 1975, ina Boulder to Birmingham, wimbo wa kumwomboleza Parsons. Heart Like a Wheel ya Linda Ronstadt, 1974, ndiyo ningempa mtu asiyeamini kwamba roki na kantri vinaweza kukaa ndani ya koo moja: inafungua kwa You're No Good yenye hasira, na baadaye anaimba wimbo wa Hank Williams huku Emmylou akimshikia sauti ya pili.

Nyingine nazitaja haraka. American Beauty ya Grateful Dead, 1970, ni ya jioni tulivu. Harvest ya Neil Young, 1972, ni nzuri isipokuwa zile nyimbo mbili za okestra, ambazo mimi huziruka. Nashville Skyline ya Bob Dylan, 1969, haifiki hata nusu saa na ina sauti ya Johnny Cash. Eagles sasa wasikilize, lakini ile ya kwanza ya 1972.

Hata hivyo usitegemee orodha yangu milele. Soma majina ya wapigaji. James Burton, mpiga gitaa wa Elvis Presley, yumo Grievous Angel na yumo Pieces of the Sky. Ukilipenda gitaa lake, lifuate lilikokwenda. Na ukitaka kusikia watu wa baadaye waliorithi zile sauti mbili, tafuta Hollywood Town Hall ya The Jayhawks, 1992. Mark Olson na Gary Louris wanaimba karibu kila mstari pamoja, na magitaa ya umeme yamefunguliwa sauti kwelikweli.