Kiapo cha maombi ya kuongezewa muda: kiandike kabla hakijakuangusha

Mawakili wasomi, hasa nyie mlioapishwa juzi juzi, leo tuongee kuhusu kiapo (maelezo ya maandishi yanayoapiwa kama ushahidi) cha maombi ya kuongezewa muda hapa Tanzania, pale mteja alipopitwa na muda wa kisheria. Naona watu wanahangaika kupamba mawasilisho kurasa kumi na mbili huku kiapo chenyewe kina aya sita za kukopi na kupesti kutoka faili la mwaka juzi. Ukisimama mbele ya jaji ukasema mteja alikuwa amelazwa na kwenye kiapo hakuna, hayo ni maneno ya wakili tu, siyo ushahidi, na msomi wa upande wa pili atakukumbusha hilo kwa furaha kabisa.

Twende na mfano mmoja. Hukumu ya Mahakama Kuu imetoka tarehe 3 Machi, mteja anataka kwenda Mahakama ya Rufani, kwa kifupi Rufani. Notisi ya rufaa, yaani taarifa kwamba unakusudia kukata rufaa, ni ndani ya siku 30, tarehe 3 yenyewe huihesabu, unaanza tarehe 4, kwahiyo mwisho ni 2 Aprili. Mteja anatokea ofisini tarehe 16 Aprili na bahasha ya kaki imejaa karatasi za hospitali. Umechelewa tayari. Maombi yanaanzia Mahakama Kuu, usikimbilie Rufani moja kwa moja.

Hatua ya 1: kalenda kwanza, Word baadaye

Chukua karatasi, andika kila siku kuanzia 3 Aprili mpaka siku utakayofaili, tuseme 28 Aprili. Pembeni ya kila tarehe andika nini kilikuwa kinaendelea na karatasi gani inaonyesha hivyo. Amelazwa 25 Machi hadi 12 Aprili, fomu ya kuruhusiwa ipo. 13 hadi 15 yuko nyumbani kwa maelekezo ya daktari, cheti kipo? 16 amekuja kwako. 17 hadi 22 mlikuwa mnafuatilia nakala ya hukumu, barua yenye mhuri wa kupokelewa iko wapi? 23 hadi 27 mnaandaa na kuapa. Kila siku iwe na mwenyewe.

Kwenye kesi ya Bushiri Hassan dhidi ya Latifa Lukio Mashayo, Rufani walisema hata siku moja ya kuchelewa lazima itolewe maelezo, na wapinzani wako wote wanaijua hiyo kesi kwa moyo. Ukiongeza kesi ya Lyamuya Construction, Maombi Na. 2 ya 2010, unatakiwa ueleze muda wote uliochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, uonyeshe ulikuwa makini na siyo mzembe, au uwe na sababu nyingine nzito kama kasoro ya kisheria kwenye uamuzi wenyewe.

Mimi nimewahi kuanguka kwa siku 11. Niliandika tu "baada ya kuruhusiwa hospitali mleta maombi alianza kutafuta wakili", hakuna tarehe, hakuna chochote, nikaona imekaa vizuri kabisa. Jaji akauliza alianza lini akampata lini, nikaanza kueleza kwa mdomo, akaniambia wakili kaa chini.

Ukitaka kutumia hoja ya kasoro ya kisheria, msingi wake ni kesi ya Valambhia ya 1992, lakini Lyamuya imebana, kasoro iwe inaonekana wazi kwenye kumbukumbu bila kuchimba. Na iweke kwenye kiapo, taja ukurasa wa hukumu na uambatanishe, usiifiche mpaka siku ya mawasilisho. Kama ulifaili mapema ila maombi yakaondoshwa kwa kasoro, hapo una ucheleweshaji wa kiufundi, soma Fortunatus Masha dhidi ya William Shija, ila siku za baada ya kuondoshwa bado unadaiwa maelezo yake.

Hatua ya 2: nani anaapa

Wakili unaapa yale uliyoyafanya au kuyaona wewe. Ugonjwa wa mteja aape mteja. Kama mwanae ndiye aliyempeleka hospitali na umemtaja kwenye aya ya saba, naye anaapa chake, ndio somo la kesi ya Benedict Kimwaga, ukimtaja mtu kama chanzo cha jambo muhimu bila kiapo chake inabaki kuwa porojo ya kusikia. Shida inakuja kwa karani. Karani alikwambia faili liko kwa mheshimiwa, sasa karani gani atakubali kukuapia? Ndio maana kila ukienda kufuatilia peleka barua, pokelewa na mhuri, rudi na kopi. Barua haina aibu ya kutoa ushahidi.

Hatua ya 3: aya ziwe na matukio tu

Hapa ni kesi ya Matovu ya Uganda, 1966, bado inatuchapa mpaka leo. Kiapo hakibebi sheria, hoja, hitimisho wala maombi. "Mleta maombi ana sababu za kutosha" toa, hilo ni la jaji kuamua. "Naomba mahakama iongeze muda" toa, hiyo kazi yake iko kwenye chemba samonsi, hati yenyewe ya maombi. Badala yake: "Tarehe 25 Machi nililazwa, niliruhusiwa 12 Aprili, nakala ya fomu ni kiambatanisho A." Kipimo changu ni rahisi, je shahidi anaweza kulisema hili kizimbani bila mimi kupingwa? Ikipenya aya mbaya moja siyo mwisho wa dunia, toka kesi ya Phantom Modern Transport mahakama inaweza kuifuta na kuendelea na zilizobaki, ila ikifutwa ile iliyobeba sababu yako umebaki na karatasi.

Hatua ya 4: uthibitisho na jurati

Uthibitisho utenganishe, aya hizi nazijua mwenyewe, aya hizi nimeelezwa na fulani ambaye nakubali ni kweli. Mtego ni ule wa saa tano usiku unapoongeza aya ya tisa, namba zote zinasogea na uthibitisho unabaki wa zamani. Uangalie wa mwisho kabisa kabla ya kuprinti.

Jurati, sehemu ya mwisho inayoonyesha kiapo kimeapwaje, iwe na jina la kamishna wa viapo (yule anayekuapisha), mahali na tarehe. Mhuri peke yake hautoshi. Kamishna asiwe wakili anayeendesha kesi hiyo hiyo. Na mteja aende mwenyewe, hii tabia ya kumtuma intani na kiapo kilichosainiwa tayari akagongewe ghorofa ya chini, iacheni jamani.

Hatua ya 5: vifungu

Sheria zetu za Toleo la 2023 zilianza kutumika 1 Julai 2025 na namba za vifungu nyingi zimesogea, kwahiyo kifungu ulichokariri chuoni kihakiki upya. Kifungu kibaya siku hizi hakiui maombi kama zamani, lakini utapoteza nusu saa ukijieleza.

Hatua ya 6: kufaili

Skani isomeke, viambatanisho viwe na herufi zake kwa mpangilio wa aya. Kanuni za kufaili kielektroniki za 2018 zinakuruhusu mpaka kabla ya saa sita usiku, ila usikae hapo. Kuna kesi ya John Chuwa dhidi ya Anthony Ciza inayosema tarehe ya kufaili ni ya kulipa ada, kwahiyo ukiapulodi 28 na kontrol namba ukailipa 30, jiandae kwa pingamizi na siku mbili mpya za kueleza. Lipa siku ile ile, piga skrinshoti ya kupokelewa na risiti, weka kwenye faili la karatasi pia, kisha mpelekee mjibu maombi nakala, na saini yake ya kupokea usiisahau.